Mimi na mdogo wangu tuna kisukari, tunakula sufuria moja: yeye kapungua kilo 11, mimi 3. Ni vinasaba au nataka kuibiwa?

#1 BintiSegerea

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nina miaka 47. Kisukari nakaa nacho mwaka wa tisa sasa, presha ikaja baadaye kama mpangaji asiyelipa kodi. Mdogo wangu ninayefuatana naye, baba mmoja mama mmoja, ana 41, yeye kaambiwa ana kisukari miaka miwili iliyopita. Mwezi wa pili mwaka huu tukakubaliana tupungue pamoja. Kwake na kwangu ni nyumba ya tatu, kwa hiyo jioni tunapika sufuria moja: ugali wa dona ukubwa wa ngumi, mchicha au matembele, dagaa au samaki wa Feri. Soda marufuku. Chapati Jumapili tu, tena moja. Alfajiri saa kumi na mbili tunatembea kutoka Segerea hadi Kimanga na kurudi, labda mvua iwe imetukataza.

Miezi saba hiyo. Yeye katoka 94 yuko 83. Mimi nilikuwa 98, niko 95. Magauni yaliyokuwa yanatutosha wote wawili sasa anampelekea fundi ayabane. Mume wangu hasemi kitu, ila macho yake yanasema huyu mwanamke anakula kwa kujificha.

Wiki iliyopita mwenzetu wa kikoba akatuletea kijana mmoja. Anapima vinasaba kwa mate. Unatema kwenye kichupa, kichupa kinasafirishwa nje, baada ya wiki sita unaletewa kitabu kinachokwambia una jeni la unene au huna, na mwili wako unataka mafuta au wanga. Bei laki saba na nusu. Anasema kwa mgonjwa wa kudumu ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa "mwili wenye ugonjwa hausikii lugha ya kawaida".

Bibi yetu alikuwa mnene, mama mnene, mashangazi wawili wanene. Moyo unaniambia kijana ana hoja. Kibubu kinaniambia nikae chini. Mnanishaurije?

#2 MtuWaZege

Laki saba na nusu kutema mate? Dada, mimi nitakutemea kwa elfu kumi na kitabu nakuandikia mwenyewe.

#3 KijanaWaFeri

Naweka kambi hapa, mama yangu yuko hivyo hivyo. Ngoja waje wajuzi. Swali dogo tu: mnapimia mizani moja?

#4 MzeeWaKitaa

Hamna cha jeni wala vinasaba. Mkulima wa Rufiji mlishamwona na kitambi? Punguza mdomo, ongeza jembe. Siku hizi kila uvivu unatafutiwa jina la kitaalamu.

#5 TichaBaiolojia

Mzee wa Kitaa shikamoo, lakini hapo umekwenda kasi.

Kuna jaribio moja la Canada, lilichapishwa mwaka 1990, la Claude Bouchard na wenzake. Walichukua vijana wa kiume jozi 12 za mapacha wa kufanana kabisa, wakawaweka pamoja chini ya uangalizi, wakawalisha kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku sita za wiki, jumla siku 84. Wote chakula cha ziada kilikuwa kile kile. Aliyeongezeka kidogo aliongezeka kilo 4.3, aliyeongezeka sana kilo 13.3. Na cha kukusimamisha kidogo ni hiki: pacha alifanana na pacha mwenzake. Ukijua mmoja kaongezeka ngapi, ulikuwa na mwanga wa kumkisia wa pili. Miaka michache baadaye wakafanya kinyume chake kwa jozi 7: chakula hakiongezwi, wanaendeshwa baiskeli karibu kila siku kwa miezi mitatu. Kuna aliyepungua kilo 1, kuna aliyepungua 8. Jasho lilikuwa lile lile.

Kwa hiyo mtu anayesema "tumekula sawa, tumetembea sawa, matokeo tofauti" siyo lazima awe mwongo. Binti, mwonyeshe mumeo bandiko hili.

Sasa jeni lenyewe. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wanatafuta jeni za kisukari cha aina ya pili waliangukia sehemu ya vinasaba inayoitwa FTO. Waliorithi toleo lenye unene kutoka kwa baba na kwa mama pia, kwa wastani walikuwa wazito kwa takriban kilo 3 kuliko wasiolirithi kabisa. Tatu, siyo thelathini. Na jeni nyingi za unene zilizogunduliwa baada ya hapo kazi yake kubwa iko kichwani, kwenye njaa na shibe. Mwenzako anaposukuma sahani akasema "nimeshiba", wewe ubongo wako bado unaangalia sufuria. Si uroho. Ni kengele iliyochelewa kulia.

Halafu mnasahau kitu kimoja: ninyi si mapacha. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wanashirikiana vinasaba kwa wastani nusu tu. Bibi mnene mlichangia, alichowaachia si lazima mgawane sawa.

#6 BintiSegerea

Ticha, ubarikiwe. Nimemsomea mume wangu, kasema "hao ni wazungu". Ila sasa nimechanganyikiwa. Ina maana kijana wa mate anasema kweli?

#7 TichaBaiolojia

Hapana, hapa ndipo anapowapiga. Jeni kuchangia *uzito ulio nao* ni jambo moja. Kitabu cha jeni kukwambia *upungue vipi* ni jambo jingine kabisa, na la pili limeshapimwa.

Mwaka 2016 watafiti walikusanya majaribio 8 yenye watu 9,563 wakauliza: wenye FTO ya unene wanapungua kidogo kuliko wengine wakipewa mpango wa chakula, mazoezi au dawa? Jibu: wanapungua sawa. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kikatoa matokeo ya watu 609 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mzima, kundi moja likapunguza mafuta, jingine likapunguza wanga. Walipimwa vinasaba ili ijulikane kama mwenye "jeni za mafuta" atafaidika zaidi na kundi lake. Wastani ulikuwa kilo 5.3 kwa kundi moja na 6.0 kwa jingine, na vinasaba havikutabiri chochote cha maana. Ndani ya kila kundi, hata hivyo, wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka.

La pili: hesabu nyingi za hatari ya vinasaba zimejengwa kwa damu za watu wa Ulaya. Ukizileta kwa Mwafrika zinapwaya vibaya. Laki saba na nusu yako itanunua kitabu kilichoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine.

#8 MtuWaZege

Na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali je? Si wanapima vinasaba pale?

#9 TichaBaiolojia

Pale wanapima mtoto ni wa nani na kesi za mahakamani, mkuu. Kitambi hakina kesi.

#10 MfamasiaMtaani

Nimesoma toka juu. Dada Binti, umetutajia kisukari, presha, bibi, mashangazi, fundi cherehani na kijana wa mate. Hukutaja dawa hata moja. Wewe unatumia nini, na mdogo wako anatumia nini?

#11 BintiSegerea

Mimi: insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, mwaka wa pili huu, na vidonge vya metformini. Presha natumia atenololi, miaka mingi. Mdogo wangu ni metformini peke yake.

#12 MfamasiaMtaani

Basi tuanzie hapo, vinasaba tutavikuta mbele.

Kabla hujaanza insulini sukari yako ilikuwa inasoma ngapi? Nabahatisha: 15, 17, na ulikuwa unakwenda chooni usiku mara nne. Sukari ya damu ikipita kama 10 figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo. Kila gramu moja inayomwagika imeondoka na kalori kama 4. Mtu akimwaga gramu 60 kwa siku, katupa karibu chapati nzima bila kujua. Ndiyo maana watu wenye kisukari kisichodhibitiwa wanapungua na mtaa unawasifia. Ukianza insulini ile bomba inazibwa. Chakula ni kile kile lakini sasa chote kinabaki ndani. Juu ya hapo insulini yenyewe ndiyo homoni inayouambia mwili "weka akiba".

Uingereza walifuatilia wagonjwa wapya wa kisukari cha aina ya pili kwa miaka kama 10, majibu yakatoka 1998. Waliopewa insulini waliongezeka kilo 4 zaidi ya waliotibiwa hasa kwa mpango wa chakula, wa vidonge vya glibenklamidi kilo 1.7 zaidi. Metformini haikuwa na tabia hiyo. Kwa hiyo mdogo wako anapanda kilima cha Pugu mikono mitupu, wewe unapanda na ndoo kichwani. Halafu atenololi nayo, kama ndugu zake wengi wa zamani, inaongeza uzito kidogo, na wengine wanalalamika miguu mizito wakitembea.

Swali la mwisho, na ujibu kwa ukweli: usiku huwa unaamka unatetemeka, unatafuta kitu kitamu?

#13 BintiSegerea

Umejuaje. Saa nane usiku. Jasho, moyo unakimbia. Huwa nakula ndizi mbili na chai yenye sukari vijiko vitatu, nalala. Kama mara tatu kwa wiki. Mume wangu ndicho anachokiona.

Na sukari kabla ya insulini ilikuwa 17. Baada ya kuanza niliongezeka kilo 6 ndani ya miezi mitano, nikadhani ni uzee.

#14 MfamasiaMtaani

Hiyo ni sukari kushuka, dada. Umepunguza chakula, umeongeza kutembea, lakini dozi ya insulini imebaki ya yule mtu wa zamani. Kwa hiyo sindano inakusukuma chini, unakula kujiokoa, unarudisha kalori zote ulizozitolea jasho Kimanga. Jeni haijaingia bado hapo.

TAFADHALI usipunguze dozi mwenyewe wala usiache atenololi ghafla, moyo hautaki mchezo huo. Nenda kliniki na daftari: saa uliyotetemeka, ulichokula, sukari iliyosoma.

#15 NesiWaZamu

Nakazia alichosema Mfamasia. Mwaka jana nilikuwa ndani ya mwendokasi natoka Kimara, asubuhi, tumebanana kama dagaa kwenye sado. Mama mmoja akaanza kuongea maneno hayaeleweki, watu wanadhani kalewa. Mkobani tukakuta kalamu ya insulini. Alikuwa kachoma, kaacha uji kwa sababu "yuko kwenye mpango wa kupungua". Abiria mmoja alikuwa na soda, tukampa kidogo kidogo akiwa bado anaweza kumeza, kabla hatujafika Ubungo akawa anauliza viatu vyake viko wapi.

Na wale wanaosoma mitandaoni kuhusu Waingereza waliokula kalori 800 na kidogo kwa siku wakapona kisukari: ni kweli, utafiti ule upo, matokeo ya kwanza yalitoka 2017, karibu nusu yao (46 kwa 100) baada ya mwaka hawakuwa tena kwenye kiwango cha kisukari bila dawa, na kwa waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa 86 kwa 100. Lakini waliokuwa kwenye insulini hawakuingizwa kabisa, na walioingizwa wote kisukari chao hakikuzidi miaka sita. Mdogo wako angefaa. Wewe hapana, na siyo kwa sababu ya bibi yenu.

#16 MtuWaZege

Si aende hospitali ya Mloganzila akawekewe puto tumboni yaishe?

#17 NesiWaZamu

Puto linasaidia baadhi ya watu, ila linakaa miezi tu kisha linatolewa, na kabla ya yote hayo kwanza arekebishiwe dawa. Usimtanie mtu na tumbo lake.

#18 MgeniNjia

Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya uzi huu, mtanisamehe.

Mimi natumia dawa za kufubaza VVU tangu 2011. Miaka ya mwanzo nilikuwa kwenye kile kidonge chenye efavirenzi. Kilinifaa, virusi vilishuka, ila usiku jamani! Naota naendesha daladala haina usukani abiria wote ni ndugu zangu waliokufa. Kizunguzungu mpaka asubuhi. Wenzangu wa kliniki walisema kitaisha baada ya mwezi, kwao kiliisha. Kwangu kilikaa miaka minane. Na mwili ulikuwa hauongezeki hata nile nini, kilo 58 mwaka baada ya mwaka.

Walipotubadilishia kwenda TLD, kile kidonge kipya, ndoto zikakatika wiki hiyo hiyo. Nikalala kama mtoto. Na uzito ukaingia: miaka miwili kilo 14.

Wasiokuwa na hali yangu hawawezi kuelewa hapa panakuwaje. Sisi tuliouona mji huu miaka ya mwanzo wa elfu mbili tunajua kukonda kulikuwa na maana gani. Mtu akipungua mtaa ulishamaliza kesi, mashavu yakiingia ndani wanaacha kunywa kikombe chako. Kwa hiyo nilipoanza kunenepa nilishangilia, mama yangu alilia kwa furaha, shoga zangu wakasema "umetakata". Nani atakimbilia kupunguza mwili ambao ndiyo ushahidi kuwa yuko hai? Sasa presha imeingia, sukari ya mwisho daktari kasema iko mpakani. Dada wa kliniki moja nami, dawa ile ile, siku ile ile tulibadilishiwa, yeye kaongezeka kilo 3 tu. Ndiyo nikaja kwenye uzi huu wa ndugu wawili.

#19 MfamasiaMtaani

MgeniNjia, karibu sana, na asante kwa kuandika. Kama kuna mtu kwenye uzi huu ambaye vinasaba huenda vinamhusu kweli, ni wewe.

Efavirenzi inavunjwavunjwa kwenye ini na kimeng'enya kinaitwa CYP2B6. Jeni la kimeng'enya hicho lina matoleo, na toleo la polepole ni la kawaida sana kwetu Waafrika kuliko Ulaya. Aliyelirithi pande zote mbili, dawa inajaa mwilini badala ya kutoka. Dalili zake ni zile zile ulizozitaja: ndoto, kizunguzungu kisichoisha.

Sasa sikiliza. Johannesburg kulikuwa na jaribio la watu 1,053 walioanza dawa, matokeo ya kwanza 2019. Waliokuwa kwenye dolutegraviri, ambayo ndiyo "D" ya TLD, waliongezeka kuliko wa efavirenzi, wanawake zaidi ya wanaume. Dunia nzima ikasema dolutegraviri inanenepesha. Baadaye wakaangalia jeni za wale wa efavirenzi. Wenye kimeng'enya cha kasi waliongezeka karibu sawa na wa dolutegraviri. Waliokuwa hawaongezeki ni wale wa polepole, ambao efavirenzi ilikuwa imewajaa. Maana yake sehemu ya tofauti ile ni kwamba dawa ya zamani iliwakandamiza baadhi ya watu wasinenepe. Ilipoondolewa, mwili ulirudi ulikokuwa unataka kwenda.

Sijakupima, siwezi kuapa. Lakini miaka minane ya daladala bila usukani na kilo 58 zisizosogea zinafanana sana na hadithi hiyo. Na mwenzako aliyeongezeka 3 huenda ndoto zake ziliisha mwezi wa kwanza.

Usiache TLD. Usiombe kurudi nyuma pia. Mwambie mhudumu wako wa CTC, kliniki ya dawa za VVU, kuhusu presha na sukari, uombe kupimwa kiuno na sukari kila safari, na ukianza kupunguza uzito usiogope mtaa. Kukonda kwa mpango na virusi havionekani si kukonda kule.

#20 MgeniNjia

Nimesoma mara tatu. Huyo mwenzangu nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Kasema ndoto ziliisha wiki ya pili.

#21 MamaDamuMpya

Ninyi mnautupa uzito, mimi nautafuta kwa tochi. Mwanangu ana siko seli, miaka 10, kilo 21. Anakula jamani, karanga, mayai, uji wa lishe, maziwa. Hauoni unakwenda wapi. Mama mkwe anasema simlishi.

#22 NesiWaZamu

Mama, huo ni urithi wa wazi kuliko wote uliotajwa hapa. Selimundu, ndiyo hiyo siko seli, ni jeni moja tu, kapewa nusu na wewe nusu na baba yake. Chembe zake nyekundu zinavunjika mapema mno, uboho unafanya kazi ya kiwanda usiku na mchana kuzirudisha, moyo nao unasukuma zaidi. Mwili wake unachoma nguvu nyingi hata akiwa amelala. Ndiyo maana chakula hakionekani. Nchi yetu inazaa takriban watoto 11,000 wa hivi kila mwaka, hauko peke yako. Kama hajaanza dawa ya haidroksiyurea, kaulizie kliniki. Wengi wakianza, maumivu yanapungua na uzito unaanza kusogea. Mama mkwe mpe asome.

#23 PimaKwanza

Mimi ni wa maabara, napita na moja tu, kwa kuwa mmegusa siko seli. Mtu mwenye kisukari ambaye amebeba jeni moja la siko seli, yaani haumwi, kabeba tu, kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, kinaweza kusoma chini ya ukweli. Utafiti wa Marekani wa 2017 kwa watu weusi ulikuta wastani wa pungufu kama 0.3. Siyo kubwa, ila ukiwa mpakani inakuvusha upande usio wako. Mwenye ugonjwa kamili kipimo hicho hakimfai kabisa. Kwa hiyo kipimo cha urithi ambacho Mtanzania mwenye kisukari anakihitaji kweli kinaweza kuwa cha siko seli, na hakifiki hata karibu na laki saba.

#24 MzeeWaKitaa

Nimesoma yote, najishusha kidogo. Kidogo. Kuna kaka yangu yuko Mbagala, kapungua kilo 9 tangu Ramadhani bila kufanya lolote, na tunamsifia. Ana miaka 61, anavuta. Anasema ni baraka, ukoo wetu ni wembamba.

#25 NesiWaZamu

Baba, acheni kusifia. Kupungua bila kutaka ni dalili, na ukoo mwembamba haumkondeshi mtu ghafla akiwa na miaka 61. Apimwe makohozi, sukari, virusi, kifua kipigwe picha. Wiki hii.

#26 TichaBaiolojia

Kabla uzi haujazama, kuna mahali pimo la jeni la unene linastahili. Mtoto anayenenepa kupita kiasi kabla ya miaka mitano, ana njaa isiyoshibishika, anaiba chakula usiku. Kuna jeni la njaa na shibe kama MC4R, na kuna watoto wachache sana duniani wasiotengeneza homoni ya shibe, leptini. Uingereza mtoto wa miaka 9 mwenye kilo 94 alidungwa hiyo homoni akaanza kupungua, matokeo yalichapishwa 1999. Huyo peleka kwa bingwa wa homoni. Mtu mzima aliyenenepea ukubwani na sindano mkononi si huyo.

Na kuhusu urithi kuwa hukumu: Marekani kulikuwa na utafiti wa watu 3,234 waliokuwa mpakani mwa kisukari, 2002. Waliofundishwa chakula na kutembea walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Baadaye wakapima jeni la kisukari linaloongoza kwa nguvu, TCF7L2. Kwenye kundi la kutembea, waliolibeba hawakuonekana kuugua zaidi ya wasiolibeba.

#27 MzeeWaKitaa

Kaka kapelekwa. Majibu nitaleta, au sitaleta. Asante Nesi.

#28 BintiSegerea

Wiki sita baadaye, nimerudi.

Nilikwenda kliniki na daftari. Daktari kalisoma akanyamaza, kisha akauliza kwa nini sikusema siku zote hizi. Nikamwambia sikuulizwa. Insulini imepunguzwa, ya jioni zaidi. Atenololi nimebadilishiwa taratibu kwa siku kadhaa, sasa natumia nyingine. Kutetemeka usiku kumetokea mara moja tu tangu hapo, na nilikula ndizi moja. Kipimo cha siko seli nimefanya pia, sijabeba. Niko 92.5.

Kijana wa mate kapiga simu, bei imeshuka laki tano kwa ajili yangu tu. Nimemwambia anipe majina ya wagonjwa wa insulini waliopungua kwa kitabu chake. Hajapiga tena.

Ila kuna kituko. Mdogo wangu alinisindikiza kliniki, naye akapanda mizani. Ikasoma 86. Kumbe mwezi wa pili tulipoanza tulipimwa wote pale kliniki, na mimi nimeendelea pale pale. Yeye baada ya hapo amekuwa akijipima kwenye mizani ya duka la dawa, pembeni ya kituo, iliyowekwa juu ya kapeti. Nikampandisha nesi mmoja mizani zote mbili siku hiyo hiyo: ya dukani inadanganya kilo 3. Kwa hiyo 11 yake ilikuwa 8 muda wote huo. Mdogo wangu amekasirika, anasema ya kliniki ndiyo mbovu, na leo katembea Kimanga peke yake.

#29 KijanaWaFeri

Mimi niliuliza mizani bandiko la tatu. La tatu! Hakuna aliyenijibu.